Supu Yake Nani Anaitaka?

Nilirudi nyuma hadi kona ya msikiti nikaanza upya, maana nilidhani nimepotea. Mimi niliyezaliwa Temeke, niliyejifunza kutembea kwenye vumbi la mtaa ule ule, nilikuwa naukagua mtaa kwa macho kama mgeni aliyeshuka na mabegi. Msikiti upo. Mashine ya kusaga imegeuka duka la simu, hilo nililijua tangu zamani. Baada ya mashine ni nyumba ya fundi cherehani, na baada ya fundi ni hoteli. Nikatembea tena polepole, nikaugusa ukuta wa fundi kwa kiganja, nikafika pale pale nilipofika mara ya kwanza. Fensi ya mabati ya bluu, marefu kuliko mtu.

Juu ya mabati walikuwa wamebandika picha ya ghorofa la vioo. Chini ya ghorofa wamechorwa watu wembamba wanatembea na mikoba, hakuna hata mmoja anayetoka jasho, na hakuna hata mmoja anayekula. Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Ndani kulikuwa na shimo kubwa, ndani ya shimo maji ya kijani, na nondo zimesimama kwenye maji. Hapakuwa na hata tofali moja la hoteli. Nilitafuta kwa jicho lile moja mahali lilipokuwa jiko, nikakuta bata anaogelea.

Pembeni ya fensi binti mmoja alikuwa anauza chaja na makava ya simu, spika yake ndogo inapiga singeli mpaka meza inatetemeka. Nikamuuliza hoteli iliyokuwa hapa imehamia wapi. Akauliza hoteli gani. Nikamwambia ya supu, ya mzee, hapa hapa ulipoweka meza yako. Akapunguza muziki. Akanitazama kwa huruma, ile huruma wanayopewa watu wazima wanaoanza kusahau, akasema, "Mama, mie tangu nimekuja hapa nimekuta mabati."

Nilitamani kumpiga kibao. Hakunikosea kitu, masikini, tena alikuwa na adabu, alinisalimia shikamoo kabla sijafungua mdomo. Lakini kuna namna ya upole inayouma, mtu akikwambia taratibu kwamba kitu kilichokulea hakijawahi kuwepo. Nikabaki nimesimama, mkono uko kwenye bati.

Nilikuwa nimetoka Tegeta kuja kumfungia mteja mapazia. Ndiyo kazi yangu, nina fremu ya mapazia kule Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo kila siku nyumba mpya inaota na kila nyumba mpya ina madirisha. Tangu asubuhi sikunywa hata chai, kwa sababu ukienda Temeke hushibi njiani, unaliacha tumbo wazi kwa ajili ya supu. Sasa tumbo lilikuwa linanguruma mbele ya mabati, lenyewe halijapata habari.

Kwa asiyeijua, niseme ilikuwaje. Hoteli ile haikuwa na jina ukutani. Watu walisema "kwa Mngindo" na ikatosha, kuanzia Keko hadi Mtoni. Mwenyewe alikuwa Mngindo wa Liwale, mfupi, mwenye mabega ya mpagazi na barakashia ambayo nadhani ilizaliwa nyeupe. Mifupa na makongoro ya ng'ombe aliyafuata mwenyewe machinjioni Vingunguti, hakumwamini mtu. Jioni aliyaweka kwenye sufuria moja kubwa, yakachemka usiku kucha kwa moto mdogo, na asubuhi supu ile ikikugusa vidoleni, vidole vinanatana. Chapati zilikuwa za mkewe, na chapati za mkewe ni habari nyingine. Mteja akilalamika kwamba chumvi haijakolea, na kila siku alikuwepo wa kulalamika, Mngindo alikuwa na jibu moja kwa wote, awe mbeba mizigo wa bandarini au karani mwenye tai: "Chumvi ipo mezani. Usinifundishe kazi." Hata mkewe alijibiwa hivyo hivyo. Mkewe ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Nyuma ya hoteli palikuwa na ua wa saruji, na hapo bendi ya dansi ilifanya mazoezi yake mchana. Baba yangu alikuwa mpuliza tarumbeta wa bendi hiyo. Mngindo hakuacha kazi ili asikilize. Alisimama pale pale jikoni akipiga upawa kwenye mfuniko wa sufuria kuwafuatisha, na mara nyingi akawaharibia mapigo, wakamfokea, naye akawaambia kama hawataki basi wakafanyie mazoezi baharini. Nyimbo nyingi za bendi ile nilizijua na mlio wa mfuniko ndani yake. Nilipokuja kuzisikia redioni, safi, bila mfuniko, niliona kama wamezikata kiungo.

Baba alikuwa Mngoni wa Songea, Mkatoliki, mrefu, na Wangoni na Wangindo ni watani. Mababu walipigana na kuvamiana, baadaye wakaja kuwa upande mmoja kwenye vita vya Majimaji, na wajukuu wakabakiwa na ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Baba alikuwa anaingia hotelini akiuliza kwa sauti kama watumwa wake wameshapika. Mngindo anajibu kwamba ile dawa ya maji Wangoni waliletewa na babu zake, wakainywa bila kuuliza, na ndiyo maana mpaka leo wajukuu wao wanakunywa supu yake bila kuuliza. Baba anasema ni kweli, na maji yale hayakufanya kazi, kama ilivyo hii supu. Wateja wanacheka, mchana unaanza.

Ila mchezo wao mkubwa ulikuwa kifo. Baba akichelewa asubuhi, Mngindo aligonga mfuniko kwa upawa, hoteli nzima ikanyamaza, akatangaza: "Mngoni wangu amekufa. Supu yake nani anaitaka?" Na sheria ilikuwa hivi. Atakayesema "nipe mimi" kabla marehemu hajaingia, bakuli ni lake. Baba alikuwa anakuja anakimbia, yuko bado barabarani anapiga kelele kwamba amefufuka, watu wasiguse. Kuna waliokunywa supu nyingi sana za baba yangu kwa sheria hiyo. Na Mngindo akishikwa na malaria, ilikuwa zamu ya baba. Alivaa aproni ya mwenzake iliyomfikia kiunoni tu, akaweka ile barakashia juu ya kichwa chake cha Kikatoliki, akatangaza kwamba Mngindo amekufa na kuanzia leo hoteli na sufuria lake ni mali ya Wangoni. Mgonjwa alikuwa anayasikia hayo yote chumbani, nyuma ya jiko, na mkewe alisema ndiyo dawa iliyomwinua.

Kwa hiyo mimi nilikua hivyo. Ukitangaziwa kwamba mtu wa nyumba ile amekufa, unacheka, kisha unaangalia mlangoni.

Baba alipokufa kweli nilikuwa binti mkubwa, nimemaliza shule, najiona mstaarabu. Jeneza lipo sebuleni, wanakwaya wanaimba, mara Mngindo akaingia. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa wazazi wangu kama kwake, akatoka amevaa koti jekundu la bendi la marehemu, mikono ya koti inaning'inia kama ya mtoto aliyevaa nguo za kakaye, na tarumbeta mkononi. Akapanda juu ya kigoda. Akapuliza. Sijasikia sauti mbaya kama ile tangu nizaliwe, kuku wote wa jirani walipiga mbio. Akawaambia waombolezaji waende zao nyumbani, kwamba Mngoni hajafa, amelewa tu, kesho atakuja kudai supu. Nilikuwa nimeshainuka nimrukie, ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, na aliyecheka ni mama. Mama ambaye tangu baba akate roho hakuwa ametoa sauti yoyote, alikuwa anacheka amejiziba kanga mdomoni, mabega yanaruka, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, akalia kama inavyopaswa. Baadaye aliniambia kwamba mtani asingekuja, asingejua aanzie wapi kulia.

Sasa rudi kwenye mabati. Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka kitu. Kabla ya Ramadhani iliyopita Mngindo alinipigia simu. Aliniambia, "Mtani, hoteli imekufa. Nimeizika jana." Nikacheka. Nikamwambia basi anibakizie supu ya matanga. Naye akacheka, ila nikikumbuka vizuri alicheka kidogo, halafu akauliza habari za wajukuu. Alikuwa ananieleza. Mzee wa watu alikuwa ananieleza kwamba wamembomolea, na hakuwa na namna nyingine ya kuniambia isipokuwa ile tuliyozoea.

Nikakasirika. Mimi nikishtuka sana hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikapiga namba yake palepale, nimeshaandaa maneno ya kumwambia, kwamba mtu mzima gani anabomolewa hoteli halafu anafanya mzaha. Akapokea binti yake. Nikasema nipe huyo Mngindo wangu. Binti akasema kwa sauti ya chini, "Dada, baba amefariki alfajiri ya leo."

Nikacheka.

Niseme ukweli jinsi ulivyokuwa. Nilicheka kwa sauti, yule muuza chaja akageuka. Nilijua kabisa nimenaswa mara ya pili. Nilimwona mzee amekaa pembeni ya bintiye, kidole mdomoni, anangoja nilie ili apate cha kunisimanga mpaka Iddi. Nikasema, "Mwambie afe vizuri. Na akimaliza kufa aniletee sufuria langu, hoteli ni ya Wangoni."

Nikangoja kicheko chake, kile cha kukohoa. Badala yake nikasikia kisomo, sauti nyingi za wanaume zinasoma pamoja, na karibu zaidi wanawake, na mtoto analia. Mngindo angeweza kumfundisha bintiye uongo. Kisomo asingeweza kukikodi.

Nilifungua mdomo niseme samahani. Kisha kwa mbali, ndani ya simu, nikasikia sauti ya bibi mzee ambayo ningeitambua hata gizani, sauti iliyoniita nije kula chapati tangu sina meno ya mbele. Ilikuwa ya mkewe. Alisema, "Huyo mwacheni aje." Simu ikakatika.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha yule binti muuza chaja. Alikuwa amezima spika, amenishikia maji. Sijui nilikaa lini.

Walikuwa wamehamia Chamazi. Nikanunua kanga, nikajifunika juu ya gauni langu la kazi, nikachukua bajaji, tukapita Mbagala, na njia nzima nilikuwa nayasikia maneno yangu mwenyewe. Afe vizuri. Aniletee sufuria. Kijana wa bajaji aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia endesha.

Ilikuwa nyumba mpya ya matofali ambayo haijapigwa lipu, turubai limefungwa mbele, wanaume wamejaa kwenye viti vya plastiki. Kila nilichokuwa nakijua kutoka Temeke kilikuwa kimerundikwa pembeni ya ukuta, mabenchi ya hoteli, ubao wa kukatia nyama uliochimbika katikati, ule mlango wa uani uliokuwa haufungi, mzee ameung'oa na kuja nao. Kuuona ule mlango umeegemezwa ukutani, hauendi popote, kulinishtua kuliko shimo.

Mwanawe wa kiume alinipokea kabla sijafika barazani. Ni mtu mpole, mwalimu wa madrasa, nimembeba mgongoni. Hakunipa mkono. Alinisalimia, kisha akaniambia kwamba simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na maneno yangu waliyasikia wote, na mama yake aliyasikia. Akasema anajua mambo ya utani ya wazee, lakini wazee wameondoka nayo, na maiti ya baba yake iko ndani inasubiri alasiri. "Nakuomba, dada," alisema. "Kaa na wenzako, kaa kimya tu." Nikamwambia ndiyo. Kukaa kimya ndicho kitu pekee nilichokuwa natamani duniani.

Nikapita pembeni kwenda uani, waliko wanawake, na hapo ndipo nilipopata mshtuko mwingine. Sufuria lilikuwa jikoni. Lile lile, jeusi nje, limejaa, moto unawaka chini yake, na harufu imetanda ua mzima, harufu ya Temeke, ya asubuhi zangu zote. Wanawake wa jirani walikuwa wanapikia wali upande wa pili, wamelipa mgongo.

Binti yake akanivuta pembeni akanieleza. Tangu wahamie Chamazi baba hakuwahi kuacha. Hakukuwa na hoteli wala wateja, ila kila jioni aliweka mifupa jikoni, na asubuhi aligawa kwa majirani, wengine wakaikubali kwa adabu tu. Jana jioni aliweka kama kawaida. Alfajiri alitoka kwenda kuipunguzia moto, akakaa kwenye kigoda chake, na hapo ndipo walipomkuta. Supu yenyewe ilikuwa imeiva. Kaka yake alitaka imwagwe, kwamba si vizuri, watu watasema. Mama akakataa. Akasema hakuna wa kuimwaga na hakuna wa kuigusa, na moto ukififia anatoka mwenyewe, hasemi na mtu, anaongeza ukuni, anaongeza maji kikombe kimoja, anarudi kukaa akiangalia ukuta. "Hajala tangu jana usiku," binti aliniambia. "Na ana sukari, dada. Dawa kameza, chakula hataki. Mikono imeanza kumtetemeka. Tumembembeleza wote, tumechoka." Kitu pekee alichosema tangu asubuhi ni yale niliyoyasikia kwenye simu.

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kwenye kona, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, jasho linamtoka kwenye paji la uso na chumba kina ubaridi. Wanawake wakanipisha. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia marahaba. Alinitazama, akasema, kwa sauti kavu, "Umelifuata sufuria?"

Nilijua nimekwisha. Nikaanza kumwomba radhi, nikamwambia sikujua, nilidhani ni yale yetu, Mungu ni shahidi. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananyoosha kidole, na kidole kilikuwa kinatetemeka. Nikageuka. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilikuwa imetundikwa aproni, na juu ya aproni barakashia.

Nikaelewa anachotaka, na nilipoelewa niliingiwa na hofu kuliko wakati wote wa siku ile. Watani waliokuwa wakija kwenye misiba ya Wangindo wa Temeke wamekwisha. Wengine wamekufa, wengine wamerudi Songea, watoto wao hawajui hata kama ni Wangoni, wanajua ni wa Dar. Nilibaki mimi, muuza mapazia wa Tegeta, mwanamke wa kanisani mwenye rozari kwenye mkoba, niliyeapa dakika chache zilizopita kwamba nitakaa kimya. Nilimwangalia mama wa watu akitetemeka. Nikafikiri juu ya mama yangu alivyocheka na kanga mdomoni. Sikuwa na ujasiri wowote, naomba nieleweke. Nilisimama tu kwa sababu magoti yalikuwa yanauma na kidole kilikuwa bado kimenyooka.

Nikavaa aproni. Ilinukia yeye. Nikaweka barakashia juu ya kichwa, nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu anavuta pumzi. Nikatoka uani, nikatembea kama yeye, mabega mbele, tumbo limekazwa, nikaukamata upawa, nikakaa kwenye kile kigoda. Nikawatazama wapishi wa wali nikawauliza nani amewaruhusu kuingia jikoni kwangu na ndala. Nikamwambia mmoja kwamba wali wake unafaa kubandikia matangazo ukutani. Nikasema mimi ni Mngindo, babu zangu waliwapa Wangoni maji wakanywa bila kuuliza, na nyie wote mtakunywa bila kuuliza. Sauti yangu ilikuwa inakatika katikati ya maneno. Hakuna aliyecheka. Mwanawe wa kiume alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba, amesimama, na sura yake sikuweza kuitazama.

Sikuwa tena na njia ya kurudi. Nikafungua sufuria, nikauchukua mfuniko, nikaupiga kwa upawa, vibaya, kama yeye alivyokuwa akiwaharibia bendi. Ua mzima ukanyamaza. Hata kisomo upande wa mbele kilikuwa kimefika mwisho wake. Nikasema kwa sauti yake yote, "Mngindo wangu amekufa. Supu yake nani anaitaka?"

Nikaangalia mlangoni.

Sikukusudia. Ni shingo yenyewe iligeuka, miaka yote ile shingo ilifundishwa hivyo, ukishatangaza unaangalia mlangoni na marehemu anaingia anakimbia. Na nilipogeuza shingo wale waombolezaji wachache waliotoka Temeke nao waligeuka, na binti yake aligeuka, na yule mwalimu wa madrasa aligeuka. Tulikuwa tunaangalia mlango wa hoteli ulioegemezwa ukutani. Hakuna aliyeingia. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa. Nililijua kwenye simu, nililijua kwenye bajaji, lakini kwa mwili wangu nililijua pale, upawa uko mkononi na mlango hauna mtu.

Sikuwa na neno linalofuata, kwa sababu halikuwahi kuwepo neno linalofuata. Machozi yalianza kunitoka chini ya barakashia ya watu.

"Nipe mie."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameshika fremu kwa mikono miwili. Sheria ni sheria. Nikachota bakuli, makongoro mawili, mchuzi hadi juu, nusu nikaimwagia aproni. Binti yake akamkalisha kwenye benchi la hoteli. Mtu akaweka ndimu na pilipili mbele yake kwenye kisahani. Nilipoinua macho, alikuwa ni mwanawe.

Akanywa kijiko cha kwanza, akameza. Akanywa cha pili. Wanawake wote walikuwa wanamtazama mdomoni. Akaweka kijiko, akasema, si kwangu, wala si kwa mtu yeyote pale, alisema kama mtu anayeongea na aliyeko chumba cha pili, "Chumvi haijakolea."

Kisha akangoja. Alikuwa kweli anangoja. Nikaona uso wake unaanza kubadilika, anaanza kusikia jinsi palivyo kimya.

Nikajifuta pua kwa pindo la kanga. "Chumvi ipo mezani," nikasema. "Usinifundishe kazi."

Akanigeukia. Alinitazama kuanzia barakashia hadi aproni iliyolowa, na kicheko kikamtoka, kidogo kwanza, halafu kikamzidi, akajiinamia, na kikageuka kama nilivyokuwa nimeshakiona kikigeuka zamani. Akalia kwa sauti, kijiko kiko mkononi, mwanawe amemshika bega. Hatukumnyamazisha. Alipomaliza alikamulia ndimu, akaongeza chumvi yeye mwenyewe, akainywa yote.